Masha, Mbeba Damu wa Kwa Mramba

Jua ndiyo kwanza linachomoza juu ya minazi, na baiskeli ya Masha wa Kambi inaingia kijijini ikilia kwii, kwii, kwa sababu breki ya kushoto haina raba. Nyuma amefunga sanduku la barafu kwa mpira wa tairi. Hata hodi hajapiga, watoto wameshamwona.

"Mumiani! Mumiani huyo, atatunyonya damu!"

Wanatawanyika. Mmoja anapanda mkorosho, mwingine anajifunika ungo wa bibi yake, miguu yote nje. Masha anashuka, anaegemeza baiskeli, anacheka.

"Rudini, nyinyi! Mumiani gani huyu hana hata meno?"

Anafungua kinywa awaonyeshe. Na kweli, ya mbele hayapo.

Mtoto mmoja tu hakukimbia. Ni Jedida, mjukuu wake mwenyewe, wa miaka mitano. Amekaa kwenye kizingiti, na mkono ameshaunyoosha mbele, tayari kwa sindano. Hasemi kitu. Tangu azaliwe Jedida hajasema neno, hata "mama" bado.

"Huyu ndiye jasiri wangu," anasema Masha. Halafu anageuka, anajifanya anakaza mpira wa sanduku ambao tayari umekaza.

Kijiji hiki kinaitwa Kwa Mramba. Ukitoka barabara kuu pale Matsangoni, unaingia ndani kwa njia ya mikorosho mpaka uone bomba la moshi refu lisilotoa moshi. Hilo bomba ni la kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, kilichofunguliwa mwaka wa sabini na sita na kufungwa mwaka wa themanini na nne. Wenyewe wameondoka, bomba wamewaachia popo.

Sasa msomaji atauliza, betri zinayeyushwa za nini? Ndani ya betri kuna risasi. Si ile ya bunduki, au tuseme ni ndugu yake. Ni yale madini mazito ambayo wavuvi hutengenezea chubwi la kuzamisha mshipi. Ukiipasha moto inalainika kama samli. Kizuri chake ni hicho. Kibaya chake ni kwamba ikiingia mwilini haitaki kutoka. Inapita kwenye damu, inajificha kwenye mifupa, inakaa kama mpangaji asiyelipa kodi na asiyehama.

Masha anaijua vizuri. Alikuwa mtu wa tanuri. Wenzake wengi walitoka bara, kina Mwaura na Kamande, yeye ndiye Mgiriama wa kwanza kupewa koleo la chuma. Miaka ya mwanzo alikuwa na nguvu, anasema, anabeba gunia mbili kwa mpigo. Halafu tumbo likaanza kumsokota.

"Likinishika nalala chini natambaa kama mjusi. Mke wangu Kabibi akasema ni pepo. Tukaenda kwa mganga, tukachinja mbuzi mwekundu. Mbuzi wa watu akafa bure."

Baada ya tumbo ukaja mkono. Kiganja cha kushoto kilianguka chini siku moja akiwa anakunywa uji, kikakataa kuinuka. Mpaka leo kinaning'inia kama jani la mgomba lililokatika. Ndiyo maana breki ya kushoto hakuitia raba, maana hana wa kuikamata.

Mwaka wa themanini walikuja madaktari wa utafiti. Walitaka kujua risasi inapandaje na inashukaje ndani ya watu, kwa hiyo wakasema watakuwa wanachukua damu za watu walewale, mwaka baada ya mwaka. Ya Masha ilipopimwa, daktari aliangalia karatasi, akamwangalia Masha, akaangalia karatasi tena.

"Akaniuliza, bwana, unatembea? Nikamwambia nimekuja na baiskeli. Akatikisa kichwa."

Kipimo chake kilikuwa tisini na kitu. Kwa mtu mzima wa kazi ile, walimwambia, hata hamsini ni shida. Kiwanda kikamwachisha kazi siku hiyohiyo, bila hata chai. Utafiti ukamhurumia, ukamchukua awe mbeba sanduku. Kazi yake ni kwenda mbele, kuwaita watu, kuwatuliza, na damu ikishachukuliwa kuikimbiza kwenye barafu mpaka barabarani kunakosubiri gari. Analipwa shilingi mia nne kwa mwezi. Si haba, anasema, kwa mtu wa mkono mmoja.

Anayechoma sindano ni muuguzi, Sista Adhiambo, mama wa Kisumu aliyezoea pwani hata mahamri anapika mwenyewe. Wawili hawa wamefanya kazi pamoja miaka saba na hawaachi kutaniana.

"Mzee Masha," anasema Sista leo, akitafuta mshipa kwenye mkono wa Jedida, "barafu yako imeyeyuka nusu. Ulipitia wapi? Kwa mnazi?"

"Sista, mimi nikipitia kwa mnazi, hilo sanduku litarudi na samaki wa kushushia."

Jedida anaangalia damu yake ikipanda kwenye chupa. Hapepesi hata jicho. Sista anamfuta kwa pamba, anambusu utosini, na utani unaishia hapo.

Maana hii ni safari ya mwisho. Fedha za utafiti zinakwisha Desemba, na baada ya hapo hakuna gari, hakuna barafu, hakuna sindano. Ukiuliza watu wa Kwa Mramba miaka hii saba imewafaa nini, hawatakujibu kwa upole. Mwaura, yule wa tanuri, alioa hukuhuku na sasa ana kibanda cha kuziba pancha. Anasema hivi:

"Fundi wa nguo akikupima kila mwaka na hakushonei shati, huyo ni fundi kweli, ama ni mtu tu anapenda kushikashika watu?"

Masha akisikia hilo hucheka na wengine. Lakini yeye ndiye aliyewaita. Yeye ndiye aliyekuwa akisema, toeni jamani, majibu yatakuja na dawa itafuata.

Majibu yalikuja, hilo lazima lisemwe. Damu za wanaume wa tanuri zilikuwa zinashuka. Polepole, lakini zinashuka, na kiwanda kilipofungwa zikashuka zaidi. Ya Masha sasa ni thelathini na kidogo. Watu wa utafiti wakafurahi.

Ila za wanawake hazikushuka. Zilipanda. Wanawake ambao hawajawahi kukanyaga kiwandani, na watoto waliozaliwa moshi umeshazimika, damu zao zilikuwa zinapanda. Zipporah, mke wa Garama mwana wa Masha, aliolewa hapa akitokea Magarini na damu safi. Leo anamzidi mkwe wake. Mtoto wake wa kwanza ni huyu Jedida. Wa pili alizaliwa amekufa. Sasa ana mimba ya tatu, ya kuzaa karibu na Krismasi.

Walipima maji ya kisima. Walipima sufuria. Walipima mihogo, samaki, mpaka maziwa ya mbuzi. Hakuna kitu. Wakaja na nadharia zao, wakaondoka nazo.

Ilijulikana mwaka huu, mwezi wa Juni, na ilijulikana kwa mchezo tu.

Sista Adhiambo alikuwa amekaa na wanawake mlangoni kwa Masha, akimngoja Zipporah apumzike kidogo kabla ya kuchomwa. Masha alikuwa kule kwenye baiskeli, amewapa mgongo, kama ilivyo adabu. Kwa Wagiriama, baba mkwe hakai karibu na mkaza mwana, hamwangalii usoni, na kama ana neno linapitia kwa mama wa nyumba. Hasa neno la mimba. Huko mwanamume hafiki kabisa.

Zipporah mkono wake mmoja ulikuwa nyuma, unakwangua ukuta. Halafu unakuja mdomoni.

"Unakula nini, mwanangu?" akauliza Sista.

Zipporah akaona haya. "Udongo tu, dada."

Kabibi, mke wa Masha, akaangua kicheko. "Sista, we! Kila nyumba hapa ina pahali pake. Mimi mimba ya Garama nilikula ukuta wa mama mkwe wangu mpaka mbuzi akachungulia ndani!"

Wakacheka wote, na Sista naye, kwa sababu kwao pia mjamzito anatafuna udongo, wanaununua sokoni. Mwanamke mwenye mimba hutamani udongo, na mvua ikinyesha, ile harufu ya ukuta uliolowa inamwita kwa jina. Hilo lajulikana pwani nzima. Lakini madaktari hawakuliuliza, na wanaume hawakulisema, maana ni mambo ya wanawake.

"Lakini ukuta wenu ni mweusi," akasema Sista, bado anatabasamu. "Kwa nini?"

"Ni jivu la tanuri hilo," akajibu Kabibi. "Si lilikuwa linamwagwa nyuma ya kiwanda? Ukilichanganya na udongo ukakandikia, mchwa hagusi fito. Nyumba hii ina miaka kumi, nguzo zake ni kama za jana."

"Na tena ni tamu," akaongeza Zipporah kwa sauti ndogo. "Kwetu udongo wa kichuguu hauna utamu. Huu una sukari."

Masha, akiwa amewapa mgongo, alisikia kicheko cha Sista kikikatika. Hakugeuka. Aliendelea kufuta mnyororo wa baiskeli. Anasema alifuta mnyororo ule mpaka kitambaa kikachanika.

Watu wa bara wataona ajabu, mtu apake sumu kwenye nyumba yake. Lakini anayejua mchwa wa huku hataona ajabu. Unajenga mwaka huu, mwaka wa tatu ukuta unakuinamia kama mgonjwa. Jivu lile lilikuwa bure, kiwanda hakikumkataza mtu, walinzi wenyewe walikuwa wanasaidia kujaza gunia. Nyumba zote za Kwa Mramba zimekandikwa hivyo. Na Masha, kwa kuwa alikuwa mtu wa ndani, alipewa lile laini lililochekechwa.

Sista alichukua kipande cha ukuta kwenye karatasi. Mwezi wa Septemba majibu yakaja. Alimwita Masha kando.

"Baba Garama, majibu ya ukuta wako yamenishinda kusoma. Ni kama mtu amejenga kwa betri zenyewe."

"Basi dawa yake?"

"Kumtoa Zipporah hapa. Na asile tena."

Kumwambia asile, Kabibi alimwambia, na Zipporah akalia, akaapa. Siku ya tatu mvua ikanyesha, Kabibi akamkuta nyuma ya nyumba, amepiga magoti, ulimi kwenye ukuta. Si ujeuri. Aliyewahi kubeba mimba ya udongo anajua, ni kama kumwambia mtu mwenye kiu asiangalie mtungi.

Basi Masha akaamua ampeleke kwao Magarini mpaka ajifungue. Akaenda kwanza peke yake kwa baiskeli, kuomba kwa adabu. Mkwe wake, Mzee Mramba, baba wa Zipporah, ambaye jina lake limefanana tu na la kijiji, alimpokea kwa furaha, akachinja kuku.

Halafu akaupiga kofi ukuta wa nyumba yake, paa!

"Umeiona, mkwe? Ile dawa yako ya mchwa. Majirani wote wananionea wivu."

Jivu lilikuwa la Masha mwenyewe. Siku ya kupeleka mahari ya Zipporah, juu ya mbuzi na pombe ya mnazi alikuwa amepeleka magunia sita ya jivu laini, zawadi ya pekee, na vijana wake wakakandika nyumba ya wakwe mpaka ikang'aa. Hakuna muoaji aliyewahi kuleta zawadi kama ile Magarini. Ilisifiwa hata msibani.

"Nilimwambia. Sikumficha," anasema Masha. "Nilimwambia, mkwe, ule ukuta tuubomoe, una sumu, nitaujenga upya kwa mkono wangu huu mmoja."

Mzee Mramba aliacha kutafuna.

"Masha, zawadi ya ndoa inabomolewa? Kesho utataka mbuzi wako pia? Kama mwanangu umemchoka, sema umemchoka. Usitukane nyumba yangu."

Kuku akabaki kwenye sahani. Tangu siku hiyo hawajasalimiana.

Kijijini nako ilikuwa vilevile. Masha alipita nyumba kwa nyumba, zile alizokuwa akiita watu wake watoe damu, sasa anawaambia wabomoe. Mama mmoja, Nduku, muuza mihogo, alimjibu mlangoni:

"Masha, umekunywa damu yangu miaka saba, nimenyamaza. Sasa unataka nilale nje? Na hiyo nyumba mpya nitaikandika na nini, na mate?"

Na kweli, na nini? Udongo wote wa karibu na kiwanda ni mweusi. Alikwenda ofisi za serikali Kilifi, akakalishwa kwenye benchi mpaka adhuhuri, akaambiwa kiwanda kimefungwa, hivyo hakuna wa kuandikiwa. Watu wa utafiti walisikitika sana, wakamshukuru kwa utumishi wake, na wakamwambia kubomoa nyumba hakumo kwenye kazi yao. Kazi yao ni kupima.

"Hao si watu wabaya," anasema Masha. "Sista alilia mbele yangu. Lakini mtu anazama, wewe unampigia kelele maji yamefika kifuani, sasa yamefika shingoni. Unasema kweli tupu. Na yeye anazama."

Sista alimweleza Masha kwamba risasi iliyojificha kwenye mifupa ya mama, wakati wa mimba inatoka, inamfuata mtoto. Kwa hiyo hata Zipporah akiacha leo, kuna ile ya jana. Masha aliuliza kama inaweza kutolewa. Kuna dawa, akaambiwa, hospitali kubwa za mbali, na si ya kumpa mjamzito. Akauliza Jedida je? Sista akasema kilichoharibika kichwani mwa mtoto hakirudi.

Hivi ndivyo alivyofanya sasa. Kule nyuma, karibu na mnazi uliokatika kichwa, amejenga banda. Halina udongo hata wa kujaza kiganja. Nguzo, makuti, makuti, makuti. Upepo unapita, na mvua nayo pia. Hapo ndipo Zipporah analala na Jedida, na hapo ndipo atajifungulia. Garama, mumewe, anafanya kazi ya chumvi Marereni, huja mwisho wa mwezi. Alipoliona banda la baba yake alisema, "Baba, hata kuku tunawajengea vizuri kuliko hivi." Masha akamjibu, "Kuku hawana mimba ya udongo." Garama akavua shati, akaongeza makuti.

Na kila wiki Masha anapanda baiskeli, anakwenda upande wa bara, kupita msitu wote, mpaka kwenye vichuguu ambako lori la kiwanda halikufika. Anachimba udongo mwekundu, anaurudisha kwenye sanduku lilelile la damu. Sista aliupeleka kupimwa, ukarudi safi. Kama hawezi kumzuia asile, anasema, basi ale huu.

Leo, baada ya damu ya mwisho kuchukuliwa na chupa kupangwa kwenye barafu, Masha anambakisha Sista kidogo.

"Sista, nataka chupa moja. Tupu."

"Ya nini?"

"Ya mtoto. Akizaliwa. Nataka kujua huu udongo wangu umefaa ama haukufaa."

Sista anafungua mkoba, anampa chupa. "Nitakuja mwenyewe, mzee. Hata kwa miguu."

"Na barafu?"

"Tutaomba kwa wenye samaki."

"Na wa kuipima?"

Sista Adhiambo anafunga mkoba. Anaufungua tena, hakuna anachotafuta, anaufunga. Masha anaitia chupa kwenye mfuko wa shati, anaikandamiza kwa kiganja kile kizima.

Gari linapiga honi barabarani. Damu zinaondoka. Watoto wanashuka kwenye mkorosho, na yule wa ungo anaibuka, anauliza kama mumiani amekwenda kabisa.

"Amekwenda kabisa," anasema Masha. "Hatarudi."

Wanashangilia.

Anafungua kitambaa cha udongo wa juzi, anavunja kipande, anakilamba mwanzo yeye mwenyewe. Halafu anasimama mbali na banda, ameangalia upande wa pili, kama inavyotakiwa.

"Kabibi! Mpe mkaza mwanao. Mwambie huu umetoka mbali. Mwambie ale huu tu, avumilie mpaka Krismasi."

Kabibi anachukua, anaingia. Mawingu ya vuli yamekusanyika upande wa bahari, na ile nyumba nyeusi imesimama imara pale mbele, haina ufa. Ndani ya makuti unasikika mtu akitafuna, polepole.

"Asemaje?" anauliza Masha, bado amegeuka.

Kabibi anachungulia nje. Tone la kwanza la mvua linapiga ukuta, na harufu inapanda.

"Asema ahsante, baba. Asema ni mzuri." Anautazama ukuta. "Asema ule wa nyumba ni mtamu zaidi."